Kulisha mtoto kwa mrija

Kulisha mtoto kwa mrija ni njia ya kumpatia mtoto maziwa, chakula, maji na dawa kupitia mrija mwembamba unaofika moja kwa moja tumboni. Njia hiyo hutumika pale ambapo mtoto hawezi kula kwa mdomo kiasi cha kumtosha, au hawezi kumeza bila kupaliwa. Katika mazungumzo ya kila siku nchini Tanzania watu husema mtoto "analishwa kwa mpira".

Mrija unaweza kutumika kwa siku chache, kwa mfano kwa mtoto njiti au mtoto aliyelazwa kwa utapiamlo mkali, lakini pia unaweza kutumika kwa miezi au miaka, hasa kwa watoto wenye mtindio wa ubongo. Mtoto anaporudi nyumbani akiwa na mrija, kazi iliyokuwa ya wauguzi inakuwa ya mzazi. Makala hii inaeleza sababu za kutumia mrija, aina zake, namna unavyotunzwa, na hali ya familia zinazolea watoto hao, hasa katika mazingira kama ya Nyasura, kata ya Mji wa Bunda katika Mkoa wa Mara.

Jinsi mtoto anavyomeza

Kumeza ni kazi ya misuli na mishipa mingi ya fahamu. Kwanza mdomo na ulimi hukusanya maziwa au tonge na kulisukuma nyuma. Kisha koromeo hulipokea, na kwa muda mfupi sana njia ya hewa hufungwa ili chakula kisiingie mapafuni. Mwishoni chakula hushuka kwenye umio hadi tumboni.

Kwa mtoto mchanga kazi hiyo ni ngumu zaidi, kwa sababu lazima apange mambo matatu kwa zamu: kunyonya, kumeza na kupumua. Uwezo huo huanza kukomaa karibu na wiki ya 34 ya mimba. Ndiyo maana mtoto aliyezaliwa kabla ya hapo mara nyingi hawezi kunyonya titi vizuri hata kama mama ana maziwa ya kutosha.

Njia ya hewa isipofungwa kwa wakati, chakula au mate huingia kwenye mapafu. Mtoto mwenye nguvu hukohoa na kukitoa. Mtoto dhaifu, au mwenye hitilafu ya ubongo, anaweza kupaliwa kimyakimya bila kukohoa, na dalili pekee ikawa nimonia inayojirudia.

Sababu

Matatizo ya kula yanayoweza kumfikisha mtoto kwenye mrija ni mengi. Yaliyo ya kawaida zaidi ni haya:

- Kuzaliwa njiti. Mrija hupitishwa mdomoni au puani hadi mtoto aweze kunyonya.
- Mtindio wa ubongo. Unaweza kutokana na ubongo kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, manjano makali ya utotoni, homa ya uti wa mgongo au malaria kali iliyofika kwenye ubongo. Misuli ya kinywa, shingo na koromeo haitii vizuri amri za ubongo.
- Mdomo sungura na kaakaa lililo wazi. Wengi wa watoto hao huweza kulishwa kwa kikombe, kijiko au chupa maalumu hadi wafanyiwe upasuaji, lakini baadhi huhitaji mrija kwa muda.
- Umio usiokamilika. Mtoto huzaliwa umio ukiwa umekatika au umeungana na njia ya hewa. Hali hii huhitaji upasuaji wa haraka.
- Magonjwa ya moyo ya kuzaliwa nayo. Mtoto huchoka na kutokwa jasho anaponyonya, na huacha kabla hajashiba.
- Kumeza kemikali kali, kama magadi makali yanayotumika kutengenezea sabuni. Kemikali hiyo huunguza umio, na kovu huufanya uwe mwembamba.
- Utapiamlo mkali. Mtoto hukosa hamu ya kula na nguvu ya kumeza.
- Kupoteza fahamu, kuungua vibaya au kuwa na pepopunda.

Dalili za kumpeleka mtoto hospitali kuchunguzwa ni pamoja na kukohoa au kupaliwa kila anapokula, sauti yenye kukoroma kama ya maji baada ya kumeza, kubadilika rangi midomoni, mlo mmoja kuchukua zaidi ya nusu saa mara kwa mara, nimonia zinazojirudia, na mstari wa uzito kwenye kadi ya kliniki kubaki palepale au kushuka.

Aina za mirija

Mrija wa pua hupitishwa puani, ukashuka kwenye koromeo na umio hadi tumboni. Ndio unaotumika zaidi kwa sababu hauhitaji upasuaji. Unene wake hupimwa kwa kipimo cha Kifaransa, ambacho namba 1 ni sawa na theluthi moja ya milimita. Watoto wachanga kwa kawaida hutumia namba 5 hadi 8. Mrija wa plastiki ya kawaida huwa mgumu baada ya muda na hubadilishwa takriban kila wiki. Mirija laini ya silikoni au poliurethani hukaa wiki kadhaa, kulingana na maelekezo ya kiwanda.

Mrija wa mdomo hufanana na wa pua, lakini hupitia mdomoni. Hutumika zaidi kwa watoto njiti, kwa kuwa wachanga hupumua hasa kwa pua.

Mrija wa tumboni huingia moja kwa moja tumboni kupitia tundu lililotobolewa kwenye ngozi ya tumbo. Tundu hilo huitwa gastrostomia. Hufikiriwa pale mtoto anapotarajiwa kuhitaji mrija kwa muda mrefu, kwa kuwa huacha uso wazi, haukeri koo na hautoki ovyo. Katika hospitali zenye uhaba wa vifaa, mrija wa Foley, ambao kwa kawaida ni wa kutolea mkojo, hutumika mara nyingi badala ya ule maalumu.

Mrija wa utumbo mwembamba hupita tumbo na kuishia kwenye utumbo. Huwekwa kwa watoto wanaotapika sana au ambao tumbo lao halimwagi chakula vizuri. Utunzaji wake ni mgumu zaidi, na chakula lazima kiingie polepole.

Historia

Mnamo mwaka 1790 daktari wa upasuaji John Hunter wa London alimlisha mgonjwa aliyeshindwa kumeza kwa kutumia mrija uliotengenezwa kwa ngozi ya mkunga. Katika karne ya 19 madaktari wa Ulaya walijaribu kutoboa tumbo ili kulisha wagonjwa ambao umio wao umeziba, na wagonjwa wa kwanza walifariki. Njia ya upasuaji iliyoelezwa na Martin Stamm mwaka 1894 ilidumu, na bado hutumika mahali pengi.

Mwaka 1979 huko Cleveland, Marekani, Michael Gauderer na Jeffrey Ponsky waliweka mrija wa tumboni kwa msaada wa kamera inayopitishwa mdomoni, bila kupasua tumbo. Mgonjwa wao wa kwanza alikuwa mtoto mchanga wa miezi michache aliyeshindwa kula. Walichapisha taarifa yao mwaka 1980, na njia hiyo ikaenea duniani.

Kwa watoto njiti, hatua nyingine kubwa ilitoka Bogotá, Kolombia, ambako mwaka 1978 Edgar Rey Sanabria alianzisha huduma ya kangaruu: mtoto hufungwa kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi. Huduma hiyo hutumika pia Tanzania. Mtoto hubaki kifuani huku akipewa maziwa ya mama yaliyokamuliwa kupitia mrija, na anapoanza kutafuta titi huwa tayari yuko mahali pake.

Kuweka mrija na kuhakikisha mahali ulipo

Mrija wa pua huwekwa na mhudumu wa afya, au na mzazi aliyefundishwa na kuthibitishwa kuwa anaweza. Urefu hupimwa kutoka ncha ya pua hadi ncha ya sikio, kisha hadi katikati ya kidaka cha kifua na kitovu. Alama huwekwa kwenye mrija mahali unapogusa pua, na mrija hubandikwa shavuni kwa plasta.

Hatari kubwa ya mrija wa pua ni kuingia kwenye njia ya hewa au kuvutika juu bila mtu kujua. Maziwa yakimiminwa hapo huingia mapafuni na yanaweza kuua. Kwa hiyo kila kabla ya kulisha mambo yafuatayo huangaliwa:

1. Alama ya mrija iko palepale puani.
2. Mrija haujajikunja mdomoni au kooni.
3. Mtoto anapumua kawaida, hakohoi na hajabadilika rangi.
4. Majimaji yanayovutwa kwa bomba la sindano yanaonyesha asidi ya tumbo. Karatasi ya kupimia ikionyesha 5.5 au chini yake, mrija kwa kawaida uko tumboni.

Njia ya zamani ya kusukuma hewa na kusikiliza mlio tumboni kwa kifaa cha daktari bado inatumika mahali ambapo karatasi hizo hazipatikani, lakini haiaminiki, kwa sababu mlio unaweza kusikika hata mrija ukiwa mahali pasipo sahihi. Picha ya eksirei ndiyo inayothibitisha vizuri zaidi. Kanuni wanayofundishwa wazazi ni rahisi: ukiwa na shaka, usilishe, mrudishe mtoto hospitali.

Kulisha

Mtoto hulishwa akiwa amepakatwa au ameinuliwa kichwa na kifua kwa nyuzi 30 hadi 45, kamwe si akiwa amelala chali. Bomba la sindano, bila sindano yenyewe, huunganishwa na mrija. Maziwa humiminwa ndani yake na kuachwa yashuke kwa uzito wake. Bomba likiinuliwa juu yanashuka haraka. Likishushwa yanapungua kasi. Kusukuma kwa nguvu husababisha kutapika na tumbo kujaa gesi. Mlo mmoja huchukua dakika 20 hadi 30 hivi, yaani muda unaokaribiana na wa kunyonya.

Baada ya mlo mrija husafishwa kwa maji safi kidogo, kwa kawaida mililita 5 hadi 10, au pungufu kwa mtoto mchanga kama alivyoelekezwa mzazi. Mtoto hubaki ameinuliwa kwa nusu saa hadi saa moja.

Kiasi cha chakula huamuliwa na mhudumu wa afya kwa kufuata uzito. Mfano ni mtoto mwenye utapiamlo mkali asiye na uvimbe, anayeanza matibabu wodini kwa maziwa ya F-75. Maziwa hayo yana kilokalori 75 katika kila mililita 100. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni mililita 130 kwa kila kilo kwa siku. Mtoto wa kilo 6 atahitaji mililita 780 kwa siku. Akilishwa kila baada ya saa 2, yaani mara 12, kila mlo utakuwa mililita 65. Kwa utaratibu huohuo, mtoto hupewa kwanza kwa kikombe, na kinachobaki ndicho kinachopitishwa kwenye mrija. Mrija huwekwa akishindwa kumaliza asilimia 80 ya maziwa katika milo miwili au mitatu mfululizo, na huondolewa anapoweza tena kunywa kiasi hicho kwa mdomo.

Chakula gani kinafaa

Kwa mtoto mchanga maziwa ya mama ndiyo bora, na hupita kwenye mrija bila shida. Mama hukamua kwa mkono kwenye chombo safi, mara 8 au zaidi kwa siku ili maziwa yasikauke. Yakiwa nje ya jokofu yatumike ndani ya saa 4, na mapema zaidi wakati wa joto kali.

Kwa mtoto aliyepita miezi 6 swali la wazazi wengi ni kama uji wa nyumbani unaweza kupita. Mrija mwembamba wa pua huziba kwa urahisi, na uji ukiongezwa maji hadi upite hubaki na nguvu kidogo sana: tumbo linajaa lakini mtoto hapati uzito. Mrija mpana wa tumboni hupokea vyakula vilivyosagwa na kuchujwa vizuri, kwa makubaliano na mtaalamu wa lishe.

Hapa elimu ya zamani ya nyumbani ina msaada. Unga wa kimea cha ulezi, ule unaotumika kutengenezea togwa, una vimeng'enya vinavyovunja wanga. Kijiko kidogo kikitiwa kwenye uji mzito ulioiva na kupoa kiasi, uji hulainika na kuwa mwepisi bila kuongezewa maji. Watafiti A. C. Mosha na U. Svanberg waliandika kuhusu matumizi ya kimea katika vyakula vya watoto mwaka 1983, na Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania, iliyoanzishwa mwaka 1973, ilikuwa miongoni mwa waliohimiza njia hiyo. Baada ya kutia kimea uji huchemshwa tena ili kuua vijidudu. Maziwa, mafuta, karanga zilizosagwa laini au unga wa dagaa huongeza nguvu na protini, lakini kila kitu lazima kipite kwenye chujio laini.

Chakula kilichotengenezwa nyumbani kisikae nje ya jokofu zaidi ya saa 2. Kinachobaki hakihifadhiwi kwa mlo unaofuata.

Usafi na matatizo ya kawaida

Mrija hupeleka chakula tumboni bila kupita mdomoni, lakini uchafu nao hupita njia hiyohiyo. Mikono huoshwa kwa sabuni kabla ya kila mlo, maji ya kusafishia huchemshwa, na mabomba ya sindano huoshwa na kukaushwa kwenye chombo chenye kifuniko.

Mrija ukiziba, maji ya uvuguvugu huingizwa na kuvutwa taratibu mara kadhaa. Soda si bora kuliko maji, na waya au kijiti havitumiwi kamwe kwa sababu vinaweza kutoboa mrija na tumbo. Dawa hupewa moja moja, maji yakipitishwa kabla na baada yake, na hazichanganywi na chakula. Vidonge vingine havipaswi kusagwa, hivyo mzazi aulize kwanza kama dawa hiyo ipo ya maji.

Mrija wa pua ukitoka si dharura kubwa kama mtoto anapumua vizuri, lakini mtoto asikae muda mrefu bila chakula na maji. Mrija wa tumboni ukitoka ni jambo la haraka, kwa sababu tundu huanza kujifunga ndani ya saa chache. Mzazi hufunika tundu kwa kitambaa safi na kwenda hospitali mara moja, akiwa na mrija uliotoka. Kama tundu bado ni jipya, la wiki chache tu, halirudishiwi mrija nyumbani kwa namna yoyote.

Ngozi inayozunguka tundu huoshwa kila siku kwa maji na sabuni na kukaushwa. Wekundu unaoenea, usaha, harufu mbaya au homa ni dalili za maambukizi. Kwa mtoto yeyote wa mrija, kupumua kwa shida, midomo kuwa ya bluu, matapishi yenye damu au ya kijani, na tumbo kuvimba na kuwa gumu ni sababu za kuacha kulisha na kukimbilia hospitali.

Mdomo haupaswi kusahaulika

Mtoto ambaye hali kwa mdomo anaweza kusahau, au kutojifunza kabisa, kwamba mdomo ni mahali pa starehe. Kwake mdomo ni mahali pa plasta, mrija na dawa chungu. Baadaye hata akiwa na uwezo wa kumeza hugeuza uso, hulia au hutapika akiona kijiko.

Kwa sababu hiyo wataalamu hushauri mdomo uendelee kushughulishwa. Mtoto mchanga hupewa titi lililokamuliwa au kidole safi anyonye wakati maziwa yanapita kwenye mrija, ili aunganishe kunyonya na kushiba. Mtoto mkubwa zaidi huketishwa na wenzake wakati wa chakula, ashike ugali, anuse mchuzi, achafuke mikono, aguse midomo kwa kidole chenye ladha kama daktari ameruhusu. Meno na fizi husafishwa kila siku, kwani mate yenye vijidudu yakiingia mapafuni huleta nimonia hata kwa mtoto asiyekula.

Mtoto halazimishwi. Kumbana pua au kumlaza na kummiminia uji mdomoni ni hatari kwa mtoto yeyote, na kwa mwenye shida ya kumeza kunaweza kumuua.

Kuacha mrija

Mrija huachwa polepole, na uamuzi hufanywa pamoja na wahudumu wa afya. Wanaangalia kama ugonjwa wa msingi umepona au umetulia, kama mtoto anameza bila kupaliwa, na kama uzito wake unaruhusu kupungua kidogo wakati wa kujifunza. Milo ya mrija hupunguzwa ili njaa irudi, na chakula cha mdomo hutolewa kabla ya mrija.

Watoto wengi njiti huacha mrija ndani ya siku au wiki chache. Wenye mtindio mkubwa wa ubongo wanaweza kuuhitaji maisha yote. Kwa hao mafanikio hupimwa kwa mambo mengine: uzito unaopanda, nimonia zinazopungua, na mtoto asiyelia kila saa ya kula.

Hali ya Nyasura na Mkoa wa Mara

Bunda upo kwenye barabara kuu ya Mwanza hadi Musoma, karibu na Ziwa Nyanza. Watu wa eneo hilo huishi kwa kilimo, mifugo, uvuvi na biashara ndogondogo. Familia ya Nyasura yenye mtoto anayeshindwa kula huanzia zahanati au kituo cha afya, kisha hospitali za Bunda, ikiwemo Hospitali Teule ya Wilaya. Kwa uchunguzi zaidi hupelekwa kwenye hospitali ya rufaa ya Mwalimu Nyerere iliyoko Kwangwa, Musoma, au Hospitali ya Bugando jijini Mwanza. Bugando, iliyofunguliwa mwaka 1971, ndiyo hospitali ya rufaa ya Kanda ya Ziwa.

Kuwekewa mrija wa pua kunawezekana katika hospitali ya karibu. Ugumu huja baadaye: mrija wa kubadilisha kila wiki, bomba la sindano, plasta, na nauli ya kurudi kliniki. Wataalamu wa umezaji ni wachache nchini, hivyo kazi hiyo hufanywa zaidi na wauguzi, wataalamu wa fiziotherapia na maafisa lishe. Mzazi anayeondoka hospitali ya rufaa hufaidika akiomba mambo manne kabla ya kuruhusiwa: afundishwe hadi afanye mwenyewe mbele ya muuguzi, aandikiwe kiasi na saa za kulisha, apewe mrija wa akiba, na ajue kituo cha karibu na nyumbani kinachoweza kuurudisha ukitoka.

Sera ya afya ya Tanzania inasema watoto walio chini ya miaka 5 wapate huduma bila malipo katika vituo vya umma, ingawa vifaa vikikosekana dirishani familia hulazimika kununua duka la dawa. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 na Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 zinatambua haki ya mtoto mwenye ulemavu kupata matibabu na matunzo. Afisa ustawi wa jamii wa halmashauri ndiye mtu wa kuonwa pale familia inaposhindwa gharama.

Imani na mila

Katika sehemu mbalimbali za Afrika Mashariki, mtoto anayekohoa, kutapika au kukataa kula hupelekwa kwa mtu wa kukata kimeo, yaani nyama ndogo inayoning'inia nyuma ya koo. Mahali pengine huamini kuwa ana "meno ya plastiki", na fizi zake hupasuliwa ili kuyang'oa. Kinachong'olewa ni vichipukizi vya meno ya kawaida. Vitendo hivyo havitibu shida ya kumeza. Huleta kutokwa damu nyingi, maambukizi na pepopunda, na humchelewesha mtoto kufika hospitali.

Mrija wenyewe pia huogopwa. Kwa kuwa wengi wameuona kwa wagonjwa mahututi, majirani huuchukulia kuwa dalili ya mwisho. Wengine humsema mama kwamba mtoto amepatwa kwa sababu ya laana au kosa la ukoo wake. Mtindio wa ubongo na unjiti vina sababu za kitabibu, na mrija huwekwa ili mtoto aishi na akue.

Wazazi na walezi

Milo 8 kwa siku, kila mmoja dakika 30, ni saa 4 za kulisha peke yake. Hapo hazijahesabiwa saa za kukamua, kuchemsha, kuosha na kuamka usiku. Kazi hiyo mara nyingi huachiwa mama, ambaye huacha shamba, genge au biashara ya dagaa, na kipato cha nyumba hupungua wakati ambapo matumizi yanaongezeka. Utafiti wa Joseph Gona na wenzake huko Kilifi, Kenya, uliochapishwa mwaka 2011, ulionyesha jinsi walezi wa watoto wenye ulemavu vijijini wanavyobeba pamoja uchovu, umaskini na unyanyapaa.

Wazazi wengi pia huona uchungu usiosemwa: kulisha ni namna ya kwanza ya kumpenda mtoto, na mtoto anapoukataa mdomo mama hujiona ameshindwa. Kushindwa kumeza ni hali ya mwili, wala hakutokani na upungufu wa malezi. Kumpakata wakati wa mrija, kumwimbia na kumtazama usoni hufanya mlo ubaki kuwa mlo.

Msaada unaofaa zaidi ni kugawana kazi. Baba, bibi, shangazi au kaka mkubwa aliyefundishwa vizuri anaweza kushika mlo mmoja au miwili, na mama akalala. Ni salama zaidi pia, kwa sababu mama akiugua au akisafiri mtoto hakosi mtu wa kumlisha. Ndugu zake wadogo hueleweshwa kwamba mrija si wa kuvutwa, na kwamba mwenzao bado anacheza kama wao. Mzazi ambaye hapati usingizi, analia kila siku au anaona heri asingekuwepo anahitaji matibabu yeye mwenyewe, na aseme hivyo kliniki siku anapompeleka mtoto.

Makala hii inatoa elimu ya jumla. Kiasi cha chakula, aina ya mrija na namna ya kuutunza kwa mtoto fulani huamuliwa na mhudumu wa afya anayemtibu.